Kisu Hakina Sunna

Desemba iliyopita mkwe wangu alishuka Mombasa kutoka Garissa, akafikia kwangu. Usiku wa tatu, baada ya chakula, akaniomba mjukuu wake.

"Shule zimefungwa, baba. Niachie niende naye. Ametimia miaka minane na bado hajatahiriwa."

Mke wangu akainamisha kichwa. Yeye alifanyiwa ile ya kifirauni: akakatwa, akashonwa. Uzazi wake wa kwanza nusura tumpoteze yeye na mwana.

"Mama, si uliyaona yaliyomkuta binti yako?"

"Niliyaona. Ndiyo maana siku hizi hatushoni. Ni sunna tu, kidogo."

Wasomaji wapenzi, hapo ndipo penye fundo. Wengi walioacha ile ya kifirauni wamebadili jina, kisu ni kile kile. Na likitajwa neno sunna, Muislamu gani atathubutu kupinga?

Sikubishana naye. Kesho yake baada ya alasiri nilimleta sheikh wetu. Akaketi barazani, mkwe wangu nyuma ya pazia.

Sheikh akamweleza kwa upole kwamba Qurani haikutaja tohara ya wanawake. Hadithi inayoshikiliwa sana, ya mkeketaji wa Madina, Abu Daud mwenyewe aliyeiandika alisema ni dhaifu. Mwaka 2006 wanavyuoni walikutana Al-Azhar, Kairo, wakasema desturi hii haina asili katika dini. Mwaka 2007 Mufti wa Misri akasema ni haramu. Misri hiyo hiyo ya Mafirauni!

Pazia likanyamaza. Kisha: "Na nani atamwoa?"

Hapo nikajibu mimi. "Mama, binti yako nilimwoa kwa dini yake na tabia yake. Jeraha lile sikuliomba."

Sheria ya mwaka 2011 imekataza jambo hili, lakini sikuitaja. Mwenye kuogopa askari hukata usiku. Mwenye kumwogopa Mungu huacha. Kenya nzima, mwaka 1998 wanawake 38 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Lakini huko kaskazini mashariki bado ni wengi mno.

Jumamosi mkwe wangu aliondoka peke yake. Mlangoni pa basi akanishika mkono.

"Nina wajukuu wengine saba kule," akasema. "Sheikh wako aweza kufika Garissa?"