Celica ya 1989 hadi 1993: spea zavuka mpaka, usukani hauvuki

Toyota Celica ya kizazi cha tano, iliyotengenezwa kati ya 1989 na 1993, hutajwa mara chache wapenzi wa magari ya kasi wanapozungumzia Supra. Hata hivyo, Afrika Mashariki ina sababu ya kuikumbuka. Celica ya aina hii, yenye tabo na magurudumu manne ya kuvuta, ilishinda Safari Rally ya Kenya miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995. Mshindi wa 1994 alikuwa Mkenya, Ian Duncan.

Maoni ya wamiliki hugawanyika kufuatana na injini. Wenye injini ya 4A-FE ya lita 1.6 husifu wepesi wa kuitunza, kwa kuwa injini hiyo ilifungwa pia kwenye Corolla na Carina, na mafundi wengi wameizoea. Wenye 3S-GTE ya tabo husifu nguvu, lakini hulalamikia joto la injini, mipira inayochakaa na bei ya vipuri. Wote hulalamikia taa za kuinuka, ambazo mota zake huchoka.

Kwa mnunuzi wa Rwezamenyo, wilayani Nyarugenge, hesabu huanzia kwenye usukani. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, na mwaka 2005 ilipiga marufuku kuingiza magari madogo ya usukani wa kulia. Kwa hiyo Celica zilizoko Kenya, Uganda na Tanzania, hata zikiwa nafuu, si mzigo wa Kigali. Gari lenyewe hutafutwa Ulaya au Marekani, ambako liliuzwa likiwa na usukani wa kushoto.

Vipuri ni habari nyingine. Injini, giaboksi, breki za magurudumu, shokamzoba na rejeta havijali usukani uko upande gani, hivyo vinaweza kutafutwa Kisekka jijini Kampala au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Visivyofaa ni mashine ya usukani, dashibodi, mikono ya waipa na taa kubwa. Taa ya gari la usukani wa kulia hutupa mwanga kushoto, na kwenye barabara za Rwanda humpofusha dereva anayekuja mbele.

Wasafirishaji wadogo hukosea hapa: kipuri kilichotengenezwa Japani hakigeuki kuwa bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sababu tu kimenunuliwa Kampala. Cheti cha asili kilichorahisishwa, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Ni vyema risiti na hati za forodha zikaguliwe na wakala kabla mzigo haujafika Gatuna.

Aidha, ushuru wa gari linalokuja kwa meli hukokotolewa juu ya thamani inayojumuisha nauli na bima. Gari la bei ndogo lenye nauli kubwa hutozwa hata kwa nauli hiyo.

Kwa anayetaka gari la kutumia kila siku, lita 1.6 ndiyo yenye hesabu inayofunga. Ya tabo inamfaa aliyekwisha kupata chanzo cha vipuri kabla ya kulipia gari.