Ufa Nao Upigwe Picha

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 mbele ya bahari ya Mji Mkongwe, Unguja, liliporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara wake wa saa tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Kwa miaka mingi karibu kila mgeni wa Forodhani, bustani iliyo mbele ya jumba, alikuwa ameondoka na picha ya jumba hilo, lakini picha hizo nyingi ni zilezile: bustani chini, roshani katikati, saa juu, na mtu anayetabasamu mbele. Vikundi vya wapiga picha vinapopanga matembezi kwenye majumba ya kale ya serikali, navisihi viyachukulie matembezi hayo kuwa kazi ya kuweka kumbukumbu, jengo lipigwe picha kipande kwa kipande, na kasoro zake zisifichwe.

Jumba hilohilo linatupa ushahidi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilishambulia makao ya Sultani katika vita isiyofika hata saa moja. Picha zilizopigwa baadaye zinauonyesha mnara uliosimama peke yake mbele ya jumba ukiwa umetobolewa na mizinga. Mnara huo ukabomolewa, na mnara wa saa ukajengwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Kuanzia mwaka 1911 jumba likawa ofisi za serikali ya Waingereza, na miaka mingi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar likageuzwa makumbusho. Kwa hiyo anayesema lirudishwe kama lilivyokuwa lazima aulizwe: lilivyokuwa lini? Bila picha zenye tarehe, jibu linabaki kubahatisha.

Kuna picha ambazo watu huzipita. Jumba limejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, pamoja na nguzo na mihimili ya chuma iliyotoka ng'ambo. Chuma kinachopigwa na upepo wa chumvi hushika kutu, na kutu huvimba hadi ikapasua ukuta ulioikumbatia. Doa la rangi ya kahawia chini ya nguzo, upana wa vidole viwili tu, lina habari nyingi kuliko machweo yote ya Forodhani. Lisogelee, weka rula kando yake, simama wima mbele yake usiipinde kamera, kisha rudi nyuma upige tena ili ijulikane ni nguzo ipi. Mwaka ujao simama palepale. Picha mbili za ufa mmoja ndizo zinazoonyesha kama unatembea. 

Wapo watakaosema kazi hii ni ya wataalamu wenye mitambo ya kupima. Wataalamu wanahitajika, lakini huja kwa msimu, na mvua hainyeshi kwa ratiba yao. Na wasio wataalamu wamewahi kusaidia: Warszawa, mji mkuu wa Poland uliobomolewa katika Vita Kuu ya Pili, ulijengwa upya kwa msaada wa vipimo na michoro ambayo wanafunzi wa usanifu majengo walikuwa wameifanya kabla ya vita. Wengine watasema askari wa zamu hukataza kamera. Jengo lenye ofisi lina siri zake, na katazo hilo liheshimiwe. Barua ya kuomba ruhusa iende mapema, ikieleza kwamba zitapigwa picha za kuta, milango na dari, bila watumishi wala meza zao. Hoja nzito zaidi ni kwamba picha haishiki ukuta. Hilo ni kweli. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilishaanguka mwaka 2012 watu wakiona, na picha zilikuwepo. Kilichopungua ni mahali pa kuzipeleka, na mtu wa kuzilinganisha na kuuliza kwa sauti kwa nini ufa umepanuka.

Basi matembezi yasiishie kwenye simu. Nakala ya kila picha ipelekwe kwa wanaotunza jengo na kwenye Nyaraka za Taifa, ikiwa na tarehe na mahali ilipopigwa. Na wewe mwenye albamu ya zamani nyumbani, ambayo ndani yake yumo bibi au babu amesimama chini ya roshani zile, andika mwaka nyuma ya picha hiyo leo, wakati bado yupo wa kuukumbuka.