Kifaru asibaki katika herufi K pekee

Ingia katika madarasa ya chekechea humu nchini, na aghalabu utaiona chati ya alfabeti imetundikwa ukutani, na ndani yake dubu anachekelea. Mimi sina ugomvi na dubu. Ila tangu Lamu hadi Busia hakuna dubu wa mwituni hata mmoja, na mtoto wa Garissa humkariri mwaka mzima ilhali hirola, swara ambaye makao yake ya asili ni pande hizo hizo na ng'ambo ya mpaka wa Somalia, hajapata kuchorewa. Hesabu ya wanyamapori iliyofanywa nchini mwaka wa 2021 iliwapata hirola 497 tu.

Nasema haya nikiwa mwalimu wa madarasa ya chini kwa miaka mingi. Wapo wenzangu wanaoshikilia kwamba mtoto ajifunze kusoma kwanza, mambo ya mazingira yatafuata. Hoja hiyo hainishawishi. Kitabu cha alfabeti mtoto hukifungua mara mia bila kulazimishwa. Atakapofika madarasa ya juu na kusomeshwa uhifadhi, picha za kwanza zitakuwa zimekwisha kumkaa akilini.

Isitoshe, Kiswahili kina fadhila yake. Sisi husoma kwa silabi, na majina ya wanyama walio hatarini ni silabi safi: ka-sa, ngu-va, ndo-vu, ki-fa-ru. Chukua ka-ka-ku-o-na. Watoto hulipenda jina hili kwa jinsi linavyogongagonga ulimini, na wakishacheka mwalimu ana nafasi ya kueleza kwamba mnyama huyu mwenye magamba hujiviringa kama mpira anapoogopa. Mbinu hiyo humwokoa kwa simba. Kwa mwindaji mwenye gunia haimfai kitu, maana huokotwa tu, magamba yake yakaenda kuuzwa. Katika madarasa ya juu kitabu hicho hicho chafaa kufundishia upatanisho wa kisarufi: kifaru amelala, si kifaru kimelala.

Lakini picha ziwe za kweli. Nimeona kitabu ambamo neno "chui" limeandikwa chini ya mnyama mwenye milia wa Asia. Vingine humpa duma madoa ya chui na kumnyima ile mistari myeusi itokayo machoni hadi mdomoni. Hata punda milia si wa aina moja: yule wa Samburu na Marsabit, aliye hatarini zaidi, ana milia myembamba, tumbo jeupe na masikio mapana ya mviringo, ilhali wachoraji wetu humchora yule wa Mara siku zote. Na korongo je? Neno hili ni ndege, ni bonde lililochimbwa na maji, tena ni swara mkubwa wa mbuga ya Ruma kule Homa Bay, ambaye katika hesabu hiyo ya 2021 walipatikana 15 pekee. Bila picha, mtoto atajuaje?

Ugumu mkubwa zaidi u kwingine. Niliwahi kufundisha Taita Taveta, na nilipofungua ukurasa wa ndovu msichana mmoja akasema, "Mwalimu, huyo ndiye aliyekula mahindi yetu." Darasa zima likanyamaza. Kitabu kinachomchora ndovu akitabasamu chini ya upinde wa mvua hakina la kumwambia mtoto huyo, naye akikua ndiye atakayelima kando ya mbuga, na ndiye atakayeamua kumficha jangili au kumfichua. Afadhali ukurasa umwonyeshe ndovu karibu na shamba, na kati yao ule uzio wa mizinga ya nyuki ambao wakulima wa Sagalla wameutumia kwa kuwa ndovu huwaogopa nyuki.

Kifo nacho kisifichwe. Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta, Laikipia, Machi 2018, akaacha majike wawili, Najin na bintiye Fatu. Watoto wa miaka sita hulielewa jambo hili upesi kuliko tunavyodhani. Swali lao la kwanza huwa, "Sasa nani atakuwa baba?" Mwalimu na awaeleze kwamba mbegu za madume zilihifadhiwa, na kwamba wanasayansi wamekuwa wakijaribu kuwabebesha mimba vifaru wa kusini.

Najua vitabu vya rangi ni ghali. Karatasi za manila na kalamu za rangi zatosha kuanzia, na wanafunzi wa madarasa ya juu wana mikono mizuri kuliko yetu. Sisi tumekwisha kuchora kuanzia B ya bongo hadi T ya twiga. Kwa Dh na Gh bado tumekwama. Mwalimu mwenye jina la mnyama la kuanzia hapo, hasa wa Pwani, na aniandikie.