Ukifuta, Bado Ipo

"Nikiifuta si yameisha?" Kila msimu wa kuomba vyuo na ajira vijana huniuliza swali hilohilo, kuhusu video ya matusi au picha waliyoiweka wakiwa na miaka 16. Hapana, hayajaisha, na ninasikitika kuona watu wazima bado wanawaambia watoto wao "futa tu".

Kufuta kunaondoa nakala yako wewe. Chukua picha iliyotumwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Simu nyingi zimewekwa zipakue picha zenyewe, kwa hiyo imeshaingia kwenye galari kabla mwenye simu hajafungua ujumbe. Unazo siku mbili na nusu hivi za kuifuta kwa wote, na hata ukiwahi, mmoja ameshapiga skrinshoti na mwingine ameshairusha grupu la pili. Status ya saa 24? Inatosha mtu mmoja kuidaka.

Mwandishi wa habari wa Marekani, Alexi McCammond, aliandika mtandaoni maneno ya kuwadhalilisha Waasia mwaka 2011, akiwa na miaka 17. Mwaka 2019 aliyafuta na kuomba radhi hadharani. Machi 2021, akiwa ameteuliwa mhariri mkuu wa jarida la Teen Vogue, skrinshoti zilizuka upya, akaikosa kazi kabla hajaianza.

Wanaonikera kuliko wote ni wanaojitangaza kuwa wanasafisha majina mtandaoni. Wanataka pesa, nywila yako na picha yenyewe. Hakuna mwenye ufunguo wa simu za watu. Wanachofanya ni kujaza fomu ya kuripoti ambayo wewe unaijaza bure, na sasa picha anayo mtu mwingine tena, anayejua jinsi unavyoiogopa.

Fanya hivi. Picha ya utupu ya kabla ya miaka 18, nenda tovuti ya Take It Down. Ya ukubwani, tovuti ya StopNCII. Ni bure, na picha haitoki kwenye simu yako. Inayotumwa ni alama yake tu, ili mitandao iliyojiunga iizuie. Google nayo huondoa kwenye matokeo ya utafutaji picha za walio chini ya miaka 18, ukiomba. Mtu akigoma kufuta taarifa zako, Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022. Fomu ya viza ya Marekani inataka majina ya akaunti zako za miaka 5 iliyopita: yaandike yote, maana kudanganya pale kutakuponza kuliko picha. Na kwa mwajiri, wahi kusema mwenyewe kabla hajaletewa skrinshoti.