Git: kuleta ni kitu kimoja, kuchanganya ni kingine

Leo tuache siasa kidogo. Kuna vijana kadhaa wameniuliza swali lile lile: "Nikipiga git pull, kazi yangu si itafutika?" Jibu fupi ni hapana, lakini ngoja kwanza niwape kisa.

Msimu mmoja wa kahawa mimi nilikuwa Kayanga, mwenzangu yuko Nkwenda kule Kyerwa. Tulikuwa tunakisaidia chama kimoja cha wakulima kuingiza kilo za maganda kwenye kompyuta. Faili moja, flashi moja, inakwenda na kurudi kwa bodaboda. Siku moja flashi ikafika, nikakopi faili la mwenzangu juu ya langu, kompyuta ikauliza kama nibadilishe, nikabonyeza ndiyo. Kazi ya siku mbili kwishnei! Tulikesha tunasoma stakabadhi moja moja. Mkulima ambaye kilo zake hazimo kwenye orodha siku ya malipo utamwambia nini?

Ndo nikaanza kujifunza Git. Aliiandika Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, ambayo waandishi wake wametapakaa dunia nzima. Hata Ushahidi, ile programu ya ramani iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 baada ya vurugu za uchaguzi, msimbo wake umewekwa GitHub ambako watu wanauchangia kwa njia hii hii.

Sasa hapa ndo penyewe. Ukiandika git fetch, Git inakwenda kwenye seva, inachukua yale aliyoyaweka mwenzako na kuyahifadhi pembeni, kwenye tawi linaloitwa origin/main. Faili zako haziguswi hata herufi moja. Hiyo ndiyo kazi inayokula bando. Ukishamaliza, funga mtandao, lipa kafe, nenda zako nyumbani. Ukiwa huko andika git log main..origin/main uone kaongeza nini, na git diff main...origin/main (nukta tatu) uone mistari yenyewe. Ukiridhika, git merge origin/main. Hii haihitaji intaneti kabisa.

Git pull inafanya yote mawili kwa mkupuo. Mimi naiona kama butura, unanunua kahawa ingali ua, hujui utavuna nini. Siyo dhambi, ila angalau ujue unachofanya. Na tangu toleo la 2.33.1 la mwaka 2021, kama wewe na mwenzako kila mmoja ana kazi mpya, inagoma mpaka uiambie unataka kuunganisha kwa namna gani.

Kwenye kuchanganya, Git haiangalii nani kachelewa kuhifadhi. Inatafuta toleo la mwisho ambalo nyote wawili mlikuwa nalo sawa, halafu inalinganisha vitu vitatu: hilo la zamani, lako, na la mwenzako. Mstari uliobadilishwa na mmoja tu unachukuliwa. Mkibadilisha wote mstari ule ule kwa namna tofauti, inasimama na kukuwekea mishale ndani ya faili, chako juu, cha mwenzako chini, katikati alama za sawasawa. Unaamua, unafuta mishale, unapiga git add kisha git commit. Ukichanganyikiwa, git merge --abort inakurudisha ulipokuwa. Na kama una kazi hujaihifadhi kwa commit na ingefunikwa, merge yenyewe inakataa kuanza.

Sisi tulipata mgongano kila siku mwanzoni, tukashangaa, maana wakulima wa Kayanga siyo wa Nkwenda. Kumbe wote tulikuwa tunaongeza mistari mwishoni mwa faili, na kwa Git hapo ni pamoja. Tukafanya kila kituo kiwe na faili lake, kelele zikaisha. Halafu acheni faili za Excel, Git haiwezi kuzichanganya mstari kwa mstari. Hifadhi kama CSV. Na majina ya watu yasiwekwe kwenye ripozitori ya wazi, tafadhali.

Siku ukipusha na kuambiwa "rejected", maana yake mwenzako kakutangulia. Fanya fetch, changanya, pusha tena. Kuna mjuaji atakwambia weka --force. Usimsikilize! Hiyo ni flashi yangu ya Kayanga imerudi kwa jina jingine.

Mtandao ukigoma kabisa, flashi bado inafaa: weka ripozitori ndani yake, mpe mtu wa bodaboda, mwenzako afanye git fetch kutoka kwenye flashi hiyo kama vile ni seva. Sisi tulimaliza msimu hivyo.

Mwenye swali alitupie hapo chini, nitajibu nikipata bando.