Utendaji kama Msingi wa Utunzi: Ufundishaji wa Gamelani ya Java katika Vyuo Vikuu vya Marekani

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vinavyofuata mapokeo ya Ulaya, utendaji na utunzi wa muziki kwa kawaida hufundishwa kama mikondo miwili. Mwanafunzi wa utendaji hupimwa jukwaani, ilhali mwanafunzi wa utunzi hupimwa zaidi kwa nota alizoandika. Mgawanyo huu unafaa muziki ambao takriban kila sauti yake huandikwa kabla ya kupigwa, lakini si kila muziki uko hivyo. Makala haya yanatumia mfano wa gamelani, kundi la ala za shaba nyeusi la kisiwa cha Java, kufafanua kwa nini utunzi wa muziki wa aina hiyo hauwezi kufundishwa wala kutahiniwa pasipo utendaji.

2.0 Chimbuko la Ufundishaji

Mmarekani Mantle Hood alisomea gamelani nchini Uholanzi chini ya Jaap Kunst, kisha akaanzisha mafunzo yake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika miaka ya 1950. Mwaka 1960 alichapisha makala yaliyoeleza dhana inayoweza kuitwa uwilimuziki, kwa kulinganisha na uwililugha. Mfano wake wa kuanzia ulikuwa wanamuziki wa kasri la mfalme wa Japani, waliomudu muziki wa kale wa kasri pamoja na muziki wa Ulaya. Kwa mujibu wa Hood, mtafiti hana budi kuzoeza masikio, mikono na sauti yake katika muziki anaouchunguza. Hata hivyo, kwa Hood utendaji ulikuwa hasa njia ya kuelewa. Swali la nafasi yake katika kutunga linahitaji kuangaliwa kwa upande wa muziki wenyewe.

3.0 Kinachoandikwa na Kisichoandikwa

Gamelani hutumia mifumo miwili ya sauti: slendro yenye sauti tano na pelogi yenye sauti saba. Vipimo vya sauti hizo hutofautiana baina ya seti moja ya ala na nyingine. Muziki huandikwa kwa tarakimu, na kinachoandikwa kwa kawaida ni balungani, yaani kiunzi cha melodi. Kiunzi hicho huzunguka na kufungwa na upatu mkubwa. Kwa mfano, katika umbo liitwalo ladrangi, upatu hulia baada ya kila mapigo 32 ya balungani.

Sehemu kubwa ya kinachosikika haimo katika tarakimu hizo. Wapigaji wa ala za mapambo, mathalani genderi na rebabu, husoma au hukumbuka balungani, kisha huifasiri kwa mikondo ya melodi waliyojifunza kwa miaka. Ufasiri huo huitwa garapu. Aidha, kuna suala la irama: balungani inapopunguza mwendo hadi kiwango kingine, ala za mapambo huongeza maradufu idadi ya sauti kwa kila pigo lake. Hivyo, mstari uleule wa tarakimu unaweza kuzaa muziki mwepesi au muziki mzito wenye mapambo mengi.

Inafuata kwamba anayetunga balungani huandika kwa kutarajia garapu. Asiyejua mpigaji wa genderi atafanya nini na tarakimu nne fulani hajui ametunga nini.

4.0 Mfano wa Lou Harrison

Safari ya mtunzi Lou Harrison (1917–2003) inaonesha tofauti hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na William Colvig waliunda seti ya ala za metali zilizofanana na gamelani, naye akazitungia kazi ya kwaya iitwayo La Koro Sutro (1972) akiwa bado hajasoma utendaji wa Java kwa kina. Mwaka 1975 alianza kujifunza kwa Wasitodipuro, bingwa wa Java aliyekuwa akifundisha California. Kwa kuhimizwa na mwalimu huyo, kuanzia mwaka 1976 Harrison alitunga kazi nyingi zilizofuata maumbo ya Java. Ala zilikuwa zimetangulia. Kilichoongezeka ni uzoefu wa kuketi miongoni mwa wapigaji.

5.0 Athari kwa Utahini

Utunzi wa ladrangi unaweza kutimia katika tarakimu 32. Mtahini anayesoma karatasi peke yake hawezi kumtenganisha mwanafunzi aliyeimudu garapu na aliyepanga tarakimu kwa kubahatisha. Anaweza pia kumwadhibu yule wa kwanza kwa kuwasilisha kazi fupi. Kwa hiyo, tasnifu ya utunzi wa aina hii inapaswa kutahiniwa pamoja na mazoezi ya kundi na onesho, na mwanafunzi aweze kupiga walau ala moja ya mapambo katika kazi yake.

Suala la pili ni nani atahini. Sumarsam alianza kufundisha gamelani katika Chuo Kikuu cha Wesleyan mwaka 1972, na akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1992. Umahiri ulioufaidi ufundishaji wake katika miaka hiyo ishirini haukutokana na shahada hiyo. Jopo linalowatenga mabingwa wasio na shahada hujinyima masikio linayoyahitaji.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba katika gamelani utendaji ni sehemu ya sarufi ya utunzi. Hoja hii inavihusu pia vyuo vya Afrika Mashariki vinavyofundisha taarab. Mpigaji wa udi au kanuni naye hupamba melodi kwa namna ambayo nota hazioneshi kikamilifu. Chuo kitakachopokea utunzi wa taarab kwa karatasi pekee kitakuwa kimepima mwandiko, na muziki wenyewe utakuwa haujatahiniwa.