Ndege Ndogo na Kovu la Vita

Wako watu wanaodhani kwamba kuunda vielelezo vya ndege ni mchezo wa watoto. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa. Fundi aketiye mezani na kisu, msasa na gundi, akiunda Spitfire ya kisiwa cha Malta ya mwaka 1942, anaandika historia kwa mikono yake. Mabawa yaliyokuwa na upana wa mita 11 na ushei, kwa kipimo cha 1 kwa 72, huwa sentimita 15 na ushei tu.

Kuunganisha vipande si shida. Shida ni kuichakaza ndege hiyo ifanane na iliyopigana. Wengine huipaka kutu, wakisahau kwamba mwili wa Spitfire ulikuwa wa aluminiamu. Rangi ikibanduka huonekana weupe wa fedha, hasa kwenye shina la bawa, mafundi walipokanyaga. Usukani wa mkiani ulivikwa kitambaa. Hapo fedha haina nafasi. Moshi wa injini huacha weusi ubavuni kuelekea nyuma, na unga wa chaki hutosha kuwa vumbi la mawe ya chokaa ya Malta.

Lakini swali kubwa ni la umri. Tarehe 20 Aprili 1942, Spitfire 46 zilitua Malta zikitoka katika Wasp, manowari ya Marekani ya kubebea ndege. Kabla ya siku nyingi kupita, nyingi zilikwisha haribiwa, baadhi zikiwa chini uwanjani. Ndege iliyoishi siku 3 haiwezi kupaushwa na jua la miaka. Aichakazaye kupita kiasi asema uongo, sawasawa na aiachaye iking'aa kama ya dukani.

Tarehe 9 Mei zilikuja nyingine. Safari hii watu walijiandaa: maboma ya mawe na madebe ya petroli yaliyojazwa udongo yalizisubiri, zikatiwa mafuta na risasi kwa dakika chache, zikaruka tena. Fundi mwaminifu huliunda na boma hilo pia, maana ndilo lenye funzo. Kisiwa hakikuokolewa na ndege peke yake, bali na maandalizi ya watu wake.

Sisi watu wa visiwa twalielewa jambo hilo. Vilevile yafaa wenye dhamana ya makumbusho watazame Valletta, ambako kiwiliwili cha Gladiator iitwayo Faith, walichokabidhiwa watu wa Malta mwaka 1943, kimehifadhiwa bila mabawa. Pengo hilo lasema mengi kuliko rangi mpya. Basi kabla hatujaamuru kuta kongwe zipakwe chokaa na vyombo vya zamani ving'arishwe, tujiulize: je, twahifadhi ushahidi, au twaufuta?